Ukikutana na "Dutch", usikimbilie Uholanzi

Natafsiri kwa malipo ya ukurasa mwaka wa kumi na moja huu, na neno lililonitia aibu kuliko yote ni la Kiingereza na lina herufi tano tu: "Dutch", ambalo leo humaanisha Mholanzi au Kiholanzi. Kijitabu cha watalii kilitaja "Pennsylvania Dutch", watu wa jimbo la Pennsylvania huko Marekani, nami nikaandika Waholanzi wa Pennsylvania. Kumbe asili ya watu wale ni Ujerumani, na lugha yao ni lahaja ya Kijerumani. Ukurasa ulirudi umejaa wino mwekundu.

Siku hizi naanza kwa kuuliza: maandishi ni ya lini? Zamani Waingereza waliwaita "Dutch" Wajerumani na Waholanzi wote. Chimbuko lake ni neno la kale lenye maana ya "watu". Yaani hiyo ni lugha ya watu wa kawaida, si Kilatini cha makasisi. Deutsch, wanavyojiita Wajerumani, ni ndugu yake wa damu. Katika karne ya 17 ndipo maana ilipobana ikabaki kwa Waholanzi. Kwa hiyo ukipewa barua ya 1550, soma aya nzima kabla hujaamua ni nani anayesemwa.

Usiandike Mdachi. Sauti inashawishi, najua, lakini wazee wa Mrima, yaani pwani ya Tanzania bara, walishampa Mjerumani jina hilo. Wadachi wa utenzi wa Hemedi bin Abdallah, wanaopigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, ni Wajerumani.

Kwenye misemo ndiko kwenye kazi. Uingereza na Uholanzi zilipigana mara tatu kati ya 1652 na 1674; mwaka 1667 Waholanzi waliingia mto Medway wakaondoka wakiikokota Royal Charles, meli ya fahari ya Waingereza. Jirani wa namna hiyo hakosi kusemwa. Basi mtoe Mholanzi, tafsiri kinachotendeka: "Dutch courage" ni ushujaa wa chupa, "go Dutch" ni kila mtu alipe chake, "double Dutch" ni maneno yasiyoeleweka, ila pakiwa na kamba mbili na watoto wanaruka, huo ni mchezo.

"Dutch uncle" ilinitesa. Ni mtu anayekusema usoni bila kukuonea haya. Niliandika mjomba nikafuta. Mjomba wa kwetu hudekeza. Nikaweka baba mkubwa, ikakaa.

Na "Dutch oven" si tanuri, ni sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko, ya kupalia makaa juu na chini kama mkate wa kumimina.