Kupanga viti vya ndege ya bei nafuu: anza na milango, futi kamba baadaye

Kila ninapoitwa kusaidia shirika changa la ndege, kikao cha kwanza hakikosi mtu mwenye kalkuleta anayeuliza, "Sasa hapa tukibana sana, vinaingia viti vingapi?" Hilo ni swali la basi. Mabasi ya mikoani ubishi wake ni mbili kwa mbili au tatu kwa mbili, mwenye gari akishaamua fundi wa bodi anachomelea, kazi imekwisha. Ndege haiendi hivyo. Idadi ya viti inaamuliwa kwanza na milango, wahudumu na uzito, na inchi zinakuja kugawana kilichobaki. Shirika linaloanza na inchi huishia kulipia mchoro mara mbili.

Mfano wangu utakuwa Airbus A319. Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, Novemba 2012, ilikuja na A319 za viti 156, na watu wengi wa huku walionja nauli ya bei nafuu kwa mara ya kwanza ndani ya ndege hiyo. Tena ni ndege inayokaa mpakani kabisa mwa kanuni, kwa hiyo kila kosa linaonekana mapema.

Hatua ya 1: Hesabu milango

Kila aina ya mlango wa dharura ina idadi ya watu inayohesabiwa kwa jozi yake. Kwenye A319, jozi ya milango mikubwa ya mbele inahesabiwa watu 55, ya nyuma 55, na jozi ya vidirisha vya kutokea vya juu ya bawa watu 35. Jumla 145. Viti ni sita kwa safu, basi safu 24 zinakupa viti 144, na hapo ndipo mwisho, hata kama sakafu bado ina nafasi.

Sasa 156 zilitoka wapi? easyJet ya Uingereza ilipoagiza A319 zake iliomba zitengenezwe na jozi mbili za vidirisha juu ya bawa badala ya moja, ndipo 156 zikawezekana. Ukienda sokoni kutafuta A319 iliyotumika, simama nje ya ndege utazame ubavuni: kidirisha kimoja au viwili? Nimeona mpango wa biashara wenye kurasa 60, viti 156 kila ukurasa, na ndege waliyokuwa wanaijadili ina kidirisha kimoja. Hakuna aliyekuwa ameiona isipokuwa kwenye picha iliyopigwa kutoka mbele.

Nyuma ya hesabu hii kuna jaribio la sekunde 90: ndege iliyojaa lazima iweze kutoa watu wote ndani ya muda huo, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Huwezi kuomba msamaha wa hilo kwa mamlaka yoyote.

Hatua ya 2: Hesabu wahudumu

Hapa tukae kidogo, maana ndipo pesa ilipo.

Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50 au sehemu ya 50. Thibitisha na mamlaka yenu ya usafiri wa anga, TCAA ya Tanzania, KCAA ya Kenya au nyingine, lakini panga kwa hiyo. Viti 150 ni wahudumu watatu. Viti 151 ni wanne. Na angalia vizuri: vinavyohesabiwa ni viti vilivyofungwa sakafuni. Huwezi kusema "leo tumebeba abiria 90, wawili wanatosha."

Kwa hiyo safu ya 26 ya A319, ile inayokutoa 150 na kukupeleka 156, inabeba mshahara wa mtu mzima kila safari. Ni mtu zaidi ya mmoja, kweli, kwa sababu kuna mapumziko, likizo, mafunzo na kuumwa. Kwa ndege moja inayoruka asubuhi hadi usiku mimi huhesabu watu watano kwa nafasi moja ya mhudumu.

Tuchukue namba za mfano, weka zako. Mhudumu mmoja, mshahara na posho, shilingi milioni 2.5 kwa mwezi. Watu watano ni milioni 12.5. Nauli inayobaki mkononi baada ya kodi na ada za uwanja, 90,000. Viti sita vikiuzwa vyote, umepata 540,000 kwa safari. Lakini viti hivyo sita vinauzwa lini? Siku ile tu ambayo vile 150 vimeshaisha na bado watu wanatafuta. Safari ya Jumanne mchana yenye watu 88 haivijui. Kama kwa wiki safari zilizojaa mpaka zikarudisha watu ni nne, unaingiza takriban milioni 9.4 kwa mwezi, na safu hiyo inakula hasara ya zaidi ya milioni 3. Zikifika sita, unaingiza milioni 14 na safu inajilipa. Swali la kumuuliza mtu wa mauzo si "ndege inajaa?" Muulize: "Ni safari ngapi kwa wiki tunafukuza watu?"

Hili limewakuta wakubwa. JetBlue ya New York ilitoa safu moja kwenye A320 zake mwaka 2007, kutoka viti 156 hadi 150, ikashusha wahudumu kutoka wanne hadi watatu. easyJet iliishi na 156 miaka mingi kwa sababu ndege zake zinajaa kweli. Ila msimu wa joto wa 2022, wahudumu walipokuwa adimu baada ya korona, ilitangaza kung'oa safu ya nyuma ya A319 zake za Uingereza ili ziruke na wahudumu watatu. Waling'oa viti hasa. Kuviacha bila kuviuza kusingesaidia, kwa sababu niliyoitaja.

Kwa ndege ndogo hesabu ni ileile. Jambojet ya Kenya inaruka na Dash 8-Q400 zenye viti 78: wahudumu wawili, na bado kuna nafasi mpaka 100 kabla ya kuhitaji wa tatu. Huko idadi ya wahudumu haibani, kinachobana ni mwili wa ndege.

Hatua ya 3: Pima uzito kwenye njia zako halisi

Abiria mzima Ulaya anahesabiwa kilo 84 pamoja na begi la mkononi, na begi la chini kilo 13. Viti sita vya ziada vikijaa ni kilo 582. Dar, usawa wa bahari, ndege haitajali. Nairobi, JKIA ipo mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na saa nane mchana hewa nyepesi na joto zinaanza kukukata. Mwambie mhandisi wa utendaji wa ndege akupe, kwa kila uwanja na kila saa ya ratiba, kilo ngapi unaruhusiwa kuruka nazo. Kama safari zako tatu kati ya nane zinaacha kilo 500 chini, kiti cha 156 ni pambo.

Na usisahau mizigo. Anayetoka Mwanza hasafiri mikono mitupu. Samaki wana uzito, na mzigo wa chini wakati mwingine unalipa vizuri kuliko abiria wa nauli ya ofa.

Hatua ya 4: Sasa chukua futi kamba

Umbali kati ya kiti na kiti unapimwa kutoka alama moja ya kiti hadi alama hiyohiyo ya kiti cha mbele yake. Si nafasi ya magoti, wasikudanganye. Kiti chenye mgongo mwembamba kwa inchi 28 kinaweza kukupa magoti sawa na kiti kinene cha zamani kwa inchi 30. Mashirika ya bei nafuu mengi yapo kati ya 28 na 30, yaani sentimita 71 hadi 76. Uingereza ndiyo iliyoweka kiwango cha chini, mwaka 1989: inchi 26 kutoka mgongo wa kiti chako hadi mgongo wa kiti cha mbele.

Viti vinakaa kwenye reli za sakafuni, na matundu ya reli yameachana inchi moja. Kwa hiyo unasogeza inchi nzima, hakuna nusu. Ukipunguza inchi moja kwenye nafasi 29, umepata inchi 29, yaani safu nzima kutoka hewani. Uchawi huo ndio unaowapendeza wenye hisa.

Lakini kuna jambo ambalo michoro ya kwenye kompyuta inalificha. Mlango wa juu ya bawa hausogei, na safu zake lazima zikae pale. Kwa hiyo kabini ni vyumba viwili: mbele ya bawa na nyuma ya bawa. Ukitoa safu ya mwisho kabisa, inchi ulizopata zinabaki mkiani. Nilishuhudia shirika moja likitangaza "viti vya nafasi zaidi, mbele kabisa" huku safu waliyotoa ikiwa ya nyuma. Nafasi yote ilikuwa karibu na choo. Kama unataka kuuza nafasi ya miguu mbele, toa safu ya mbele: inchi 29 hizo, safu tano za mwanzo ukizipa inchi tano kila moja, zinapanda kutoka 29 hadi 34, na nne zinabaki za kuchezea.

Kabla ya kusaini, fanya jaribio la chaki. Mimi hukodi viti vitatu vya sampuli, nachora reli sakafuni karakanani, navipanga kwa inchi 28, kisha 29, kisha 30. Namwita fundi mmoja mrefu, namkalisha katikati ya wenzake wawili wenye mabega, namwambia akae dakika 80, muda wa kufika Mwanza kwa jeti. Simpi simu. Kwenye 28, mara ya mwisho nilipofanya hivi, jamaa alikaa kimya nusu saa, halafu akaanza kukaa upande upande, goti moja likiwa njiani. Goti lile ndilo toroli la vinywaji litakaloligonga. Kanuni inataka njia iwe na inchi 15 chini na 20 kuanzia usawa wa mikono ya viti kwenda juu, kwa ndege za viti 20 na zaidi, ila kanuni haimhesabu mtu aliyegeuka.

Hatua ya 5: Jiko na vyoo

Kwa safari ya chini ya saa mbili, ondoa jiko la kupasha chakula, bakisha maji ya moto na toroli. Airbus wana mpangilio wa mkia unaounganisha vyoo na jiko kwenye ukuta wa nyuma. Ndio uliosaidia A320 za easyJet kutoka viti 180 hadi 186. Tazama tena: 180 na 186 zote ni wahudumu wanne, ndiyo maana huko ilikuwa faida tupu. Choo usipunguze zaidi ya kiasi. Foleni ya choo inasimama njiani, na ndege haigeuki haraka, yaani kushusha, kupakia na kuondoka tena, kama watu bado wamesimama wakati wa kushuka.

Hatua ya 6: Kiti chenyewe

Chagua kisicholala. Kiti kisicholala hakina kifaa cha kuharibika na hakileti ugomvi. Ngozi ya bandia inafutika kwa kitambaa kimoja. Kitambaa cha sufu kinakunywa juisi ya embe. Ryanair ya Ireland hawana hata mfuko wa mgongoni, karatasi ya usalama imebandikwa kwenye kiti cha mbele, kwa hiyo hakuna mahali pa kuficha maganda ya karanga. Dakika 25 za kugeuza ndege zinapatikana hapo.

Viti vya mitumba ni halali, lakini karatasi zake ni nusu ya bei. Vya Boeing 737 haviingii kwenye Airbus, reli zimeachana tofauti. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilinunua seti nzima kwa bei ya kutupa, ikaja bila vyeti vya majaribio ya mgongano. Vilikaa ghalani miezi saba, kuku wakataga.

Hatua ya 7: Oksijeni na watoto

Ukisogeza safu, kisanduku cha barakoa juu yake lazima kisogee nayo. Kila viti vitatu kwa kawaida vina barakoa nne: tatu za waliokaa na moja ya mtoto wa mapajani. Maana yake kina mama wawili wenye vichanga hawawezi kukaa kundi moja la viti vitatu. Kwetu, Desemba, hili si jambo dogo. Uambie mfumo wa tiketi mapema, la sivyo mhudumu atahamisha watu ndege ikiwa imeshafunga mlango. Hali kadhalika safu za mlango wa dharura: hakuna mtoto, hakuna mjamzito, hakuna anayehitaji msaada.

Hatua ya 8: Mchoro, kibali, kisha ukague kwa makalio

Mhandisi aliyeidhinishwa anachora LOPA, mchoro rasmi wa kabini, unakwenda kwa mamlaka pamoja na hesabu za uzito na njia za kutokea. Bila kibali, fundi asifungue hata boliti moja.

Ndege ikirudi kutoka karakana, chukua mchoro ukakae kwenye kila kiti. Kila kimoja, vyote 150. Madirisha hayafuati inchi zako, na pengine hakuna dirisha kabisa: Ryanair inajulikana kwa kiti 11A cha 737-800, ambacho kina lebo ya dirishani na ukuta mtupu, kwa sababu mabomba ya hewa yanapita hapo. Ukikuta chako, kiandike kwenye ramani ya mauzo, "hakina dirisha", na usimtoze mtu elfu kumi ya kuchagua kiti.