Namna ya Kuiandaa Kwaya kwa Tamasha la Muziki Mtakatifu wa Klasiki

Kabla ya kugawa nota, mwalimu wa kwaya apime kwanza sauti alizonazo, kwa kuwa utunzi unaodai besi nzito haufai kwaya yenye waimbaji wawili tu wa sauti hiyo ya nne. Kwaya changa inaweza kuanza na “Ave verum corpus” ya mtunzi Mozart, iliyotungwa mwaka 1791, ambayo ni fupi na huimbwa polepole, ingawa upole huo ndio unaoficha ugumu wake: mistari ni mirefu, na waimbaji wakichoka sauti hushuka bila wao kujua. Waimbe bila kinanda, kisha mpiga kinanda aguse nota ya mwisho ili wasikie wameshuka kiasi gani.

Maneno ya Kilatini yasomwe kwa mapigo ya wimbo kabla ya kuongezewa sauti. Kwa matamshi ya kikanisa, neno “cruce” lililomo katika wimbo huo husomwa “kruche”. Katika mistari mirefu wapokezane pumzi, asivute mtu pumzi pamoja na jirani yake. Zoezi la mwisho lifanyike ukumbini, maana penye mwangwi mkubwa mwendo hauna budi kupunguzwa.