Somo: Ushahidi uliojumlishwa umetosha lini?

Ukijumlisha majaribio ya tiba, lazima uamue: tufunge hesabu, au wagonjwa wengine waingizwe kwenye jaribio jipya? Wengi huangalia kama p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi au zaidi kwa bahati tu, ikiwa dawa haina athari) iko chini ya 0.05, basi. Hiyo haitoshi.

Hatua ya 1: Panga majaribio kwa miaka, ujumlishe moja baada ya jingine. Uchambuzi uliochapishwa 1992 ulifanya hivyo kwa streptokinesi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa mgonjwa wa mshtuko wa moyo. Kufikia 1973, majaribio 8 yenye wagonjwa 2,432 yalikwisha kuonyesha kwamba inapunguza vifo. Yakafuata mengine 25, wagonjwa 34,542, na kila jaribio lilikuwa na kundi lililonyimwa dawa. Mimi kila nikiisoma namba hiyo naumia.

Hatua ya 2: Kadiria idadi ya watu inayohitajika, kabla hujatazama jibu. Tuseme vifo ni 10% na faida ya maana ni kuvishusha hadi 8%. Kwa kiwango cha kosa cha 5% na uwezo wa 80% wa kuiona faida hiyo, unahitaji watu kama 6,400. Majaribio madogo yakiwekwa pamoja hayasamehewi hesabu ambayo jaribio moja lingedaiwa.

Magnesiamu ndiyo iliyotufunza. Mwaka 1991 majaribio 7 yenye watu 1,301 tu yalijumlishwa, yakaonyesha kwamba inapunguza vifo vya mshtuko wa moyo kwa karibu nusu. Likaja jaribio moja kubwa, ISIS-4, mwaka 1995, watu 58,050: katika wiki tano walikufa 7.64% ya waliopewa na 7.24% ya wasiopewa. Faida haikuonekana.

Hatua ya 3: Ongeza idadi kama matokeo yanapingana. Ikiwa nusu ya tofauti zinazoonekana zinatokana na majaribio yenyewe kutofanana, zidisha mara mbili: 6,400 inakuwa 12,800.

Hatua ya 4: Kaza kipimo kila unapochungulia. Ukipima data inayoongezeka mara tano kwa 0.05 ileile, uwezekano wa kudanganywa na bahati unapanda hadi kama 14%. Ndiyo maana mpaka wa kuamua huwa mkali sana mwanzoni na kulegea kadiri watu wanavyoongezeka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mstari wangu wa matokeo yaliyojumlishwa haujavuka mpaka wa kuamua. Niandike kwamba dawa haifanyi kazi?*
Hapana, ndugu yangu. Upo mpaka mwingine, wa kutokuwa na faida. Usipovuka huo pia, andika kwamba ushahidi haujatosha, na utaje watu wangapi wamebaki.

*Idadi imetimia na mpaka umevukwa, lakini majaribio mengi hayakuficha nani anapewa nini. Nifunge?*
Usifunge. Hesabu hizi zinazuia bahati tu. Upendeleo zinaupitisha bila kuugusa. Rudia kwa majaribio yaliyofanywa vizuri peke yake. Tafuta pia yaliyosajiliwa yasichapishwe, maana madogo yasiyo na habari njema hubaki kabatini.

*Nani anachagua ile 8%?*
Wewe pamoja na madaktari na wagonjwa wenyewe, na iandikwe kwenye mpango kabla ya data kukusanywa. Ukiichagua baada ya kuona jibu, idadi yoyote utaifanya itoshe.