SOMO: Kitu kuibuka chenyewe, jaribu na vizibo vya soda

Haya jamaa, wengi mwadhani simulesheni (kuigiza jambo hatua kwa hatua kwa sheria) lazima uwe na laptopu. Hapana, tafuta vizibo vya soda na kokoto, chora miraba ya kizibo kuenea, kaa zako barazani. Huu ni mchezo wa Life, aliubuni mwanahisabati John Conway wa Cambridge, ukachapishwa 1970.

1. Panga vizibo 5 ndani ya miraba 3 kwa 3: safu ya juu kimoja katikati, ya pili kimoja kulia, ya tatu vitatu vyote.

2. Kila mraba umezungukwa na miraba 8, hata ya kwenye pembe yahesabiwa; jirani ni kizibo kilicho katika mmoja wa hiyo. Kizibo chenye majirani 2 au 3 chaishi, kinginecho chafa. Mraba mtupu wenye majirani 3 kamili wazaa. Basi, sheria ndo hizo.

3. Hapa ndo watu huharibu, usitoe kizibo papo hapo!! Vyote vyabadilika kwa pamoja, kwa hivyo kinachokufa kipindue tu, panapozaliwa weka kokoto, (kilichopinduliwa bado ni jirani, kokoto bado si jirani), ukishamaliza miraba yote ndo uondoe waliokufa na penye kokoto uweke vizibo. Kila raundi vibaki 5, vikiwa 4 au 6 hesabu upya.

4. Piga raundi 4. Umbo lile lile limerudi ila limesogea mraba mmoja mshazari, chini kulia.

Umbo hilo laitwa glaida. Sasa soma sheria tena, wapi pamesema tembea? Hakuna. Na hakuna kizibo kilichosafiri, hawa wamekufa wale wamezaliwa, kilichotembea ni umbo. Mwanafalsafa Mark Bedau 1997 aliita hali hii uibukaji dhaifu, yaani hakuna kilichoongezwa juu ya sheria, lakini kujua litakalotokea huna budi upige hatua zote.

MASWALI

Wa Shela: Maalim, si kompyuta ikipewa sheria yajua mwisho?
– Haijui, nayo yapiga raundi kama wewe ila mbio. Kuna umbo jingine la vizibo 5 tu, liitwalo R-pentomino, hutulia baada ya raundi 1103! Na imethibitishwa hakuna programu itakayokwambia kwa kila umbo kama litakufa ama la.

Bi Mkomani: Na ndege wakigeuka pamoja angani, hawana kiongozi?
– Mtaalamu wa kompyuta Craig Reynolds 1987 alitengeneza ndege wa kompyuta kwa sheria 3: usigongane na mwenzio, elekea aelekeako, usiachwe na kundi. Wakaruka vizuri bila amiri. Ila bi, kufanana si ushahidi, ndege wa kweli mpaka wapimwe wenyewe.

Mgeni: Kwa hivyo akili yangu pia ni vizibo??
– Hapo wanafalsafa wagombana hadi leo, wako wasemao fahamu huwezi kuipata hata upige sheria zote za chini. Mimi siamini, lakini vizibo havitaamua hilo. We raundi 4 ushamaliza?