Little Richard yupi? Namna ya kuchagua rekodi zake zilizotolewa upya

Jumapili usiku naendesha kipindi cha zilipendwa kwenye redio moja hapa Tanga. Siku nyingine za wiki ni fundi mitambo palepale. Wasikilizaji hunitumia nyimbo kwa WhatsApp. Ikija ya Little Richard, mwimbaji wa rock and roll wa Marekani, siirushi hewani kabla sijavaa hedifoni nikaikagua, maana jina laweza kuwa lake, sauti ikawa yake, kichwa kikawa "Tutti Frutti", na bado isiwe "Tutti Frutti" ile ya 1955. Miaka ya 1960 aliiimba upya studio, akaiimba jukwaani, na 1976 akazirudia tena nyimbo zake za zamani. Zote huuzwa kwa maneno yaleyale: vibao vikali, orijino, vimesafishwa.

Kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye flashi aliwahi kuniapia: "Orijino kabisa mzee wangu, hii imetoka Marekani." Marekani ilitoka kweli. Mimi nilitaka kujua ilitoka mwaka gani.

Anza na ramani ya miaka

Bila ramani hii hutapata unachokitafuta hata ukiwa na pesa ya kununua boksi zima.

Richard Penniman, ndilo jina lake halisi, alizaliwa Macon, Georgia, mwaka 1932. Mara ya kwanza alirekodi 1951 kwa kampuni ya RCA Victor, mjini Atlanta, na 1953 akarekodi kwa Peacock ya Houston. Nyingi za rekodi hizo ni bluzi za kijana ambaye bado anaitafuta sauti yake. Mtu mdadisi atazifurahia. Lakini ukinunua CD kwa tamaa ya zile kelele ukakuta hizi, utadhani umeuziwa mtu mwingine.

Kisha ikaja Specialty, kampuni ya Art Rupe ya Los Angeles. Septemba 1955 prodyuza Robert "Bumps" Blackwell alimkutanisha na wanamuziki wa New Orleans kwenye studio ya J&M ya Cosimo Matassa, chumba kidogo nyuma ya duka kwenye kona ya mitaa ya Rampart na Dumaine. Earl Palmer alikaa kwenye dramu, Lee Allen akashika saksafoni ya tena, Alvin "Red" Tyler baritoni, Frank Fields besi. Hapo ndipo ilipozaliwa "Tutti Frutti". Zikafuata "Long Tall Sally", "Rip It Up", "Lucille", "Jenny, Jenny", "Keep A-Knockin'". Oktoba 1957, akiwa ziarani Australia, akatangaza kuacha muziki wa dunia na kumrudia Mungu. Hata "Good Golly, Miss Molly", iliyotoka 1958, ilikuwa imesharekodiwa 1956 ikakaa kabatini. Kwa hiyo karibu vyote vinavyomfanya akumbukwe ni kazi ya miaka miwili na kidogo.

Baada ya hapo akaimba injili, ikiwemo albamu ya Mercury aliyotengenezewa na Quincy Jones. Akarudi kwenye rock and roll kwa kampuni za Vee-Jay 1964, Okeh 1966, Reprise 1970. Na hapa ndipo mkanganyiko unapoanza. Kanda mama za 1955 hadi 1957, yaani zile zilizorekodiwa studio kwa mara ya kwanza, zilibaki Specialty. Kampuni mpya ikimchukua inataka vile vibao ambavyo watu wanavijua, lakini haina kanda. Basi humwingiza studio akaimba upya. Si wizi, na sauti ni ya kwake mwenyewe. Ila rekodi hizo ndizo zilizokuja kusambaa kwenye CD za bei poa, kwa sababu kuzipatia kibali kulikuwa rahisi kuliko kwenda kupiga hodi Specialty.

Pima kwa masikio

Kipimo cha kwanza hakihitaji ujuzi wowote. Rekodi za Specialty ni mono: sauti zote zinakaa katikati ya kichwa. Ukivaa hedifoni ukasikia dramu zimeegemea sikio moja na gitaa jingine, hiyo si ya New Orleans. Yaelekea ni ya Vee-Jay au ya baadaye zaidi.

Kuna mtego mmoja lakini. Zamani kampuni nyingi zilichukua rekodi za mono zikazifanya stirio ya kulazimisha, besi upande huu, sauti nyembamba upande ule, na mwangwi kidogo juu yake. Wimbo unakuwa wa 1956 kweli, ila umeharibiwa. Kuutambua mtego huo natumia Audacity, programu ya bure ya kompyuta. Fungua wimbo, tenganisha chaneli ya kushoto na ya kulia ziwe mbili za mono, chagua moja, tumia amri ya "Invert" inayopindua wimbi la sauti juu chini, kisha zichanganye. Kama wimbo ni mono safi, chaneli hizo zinafutana na unabaki na kimya. Ukisikia muziki uliobaki unaelea kama uko chini ya maji, hiyo ni stirio ya kulazimisha. Na mara nyingine unachobaki nacho ni mikwaruzo mitupu, kr-kr-kr, bila muziki. Hapo umemkamata mtu aliyeweka santuri kwenye mashine, akainakili, akaiuza kama imetoka kwenye kanda mama. Sindano ya stirio inasoma vumbi na mikwaruzo ya kila ukuta wa mfereji wa santuri kivyake, kwa hiyo uchafu haufutani hata muziki ukifutana.

Kwangu mimi kipimo hicho kinashinda maneno yote ya kwenye kava.

Kipimo cha pili ni kuzijua nyimbo zenyewe. "Tutti Frutti" ya 1955 inaanza na sauti peke yake, hakuna ala hata moja, halafu bendi nzima inaingia kwa kishindo. "Lucille" sikiliza chini: besi, gitaa na saksafoni vinatembea na mstari uleule, mzito, haubadiliki hata anapopandisha sauti. Katika marudio mengi ya baadaye gitaa limepewa nafasi ya mbele na ule uzito umepungua.

"Keep A-Knockin'" ndiyo naipenda kuliko zote kwa kazi hii. Haikurekodiwa New Orleans. Ilirekodiwa Washington, na bendi yake ya ziarani, The Upsetters, Charles Connor akifungua kwa dramu zile ambazo wapiga dramu wa rock waliziiga miaka mingi baadaye. Walichorekodi kilikuwa kifupi mno kuuzwa, basi mkanda ukakatwa na kuungwa ili kipande kijirudie mpaka wimbo ufike urefu wa santuri. Sikiliza kwa makini: ukelele uleule, pumzi ileile, saksafoni ileile, vinarudi bila tofauti hata ya unywele. Binadamu hawezi kujirudia hivyo. Ukisikia kila ubeti umeimbwa tofauti kidogo, unasikiliza marudio.

Urefu nao husaidia. Hizi za Specialty karibu zote zinaisha kwenye dakika 2 na nusu au chini yake.

Kisha soma maandishi madogo

Geuza CD, au shuka mpaka chini ya ukurasa wa albamu kwenye Spotify, utafute herufi P ndani ya duara. Huo ndio mstari wa mwenye rekodi. Kwenye YouTube umo ndani ya maelezo ya video zinazowekwa na kampuni. Ukiona Specialty au Concord uko mahali pazuri, kwa sababu Specialty ilinunuliwa na Fantasy, na Fantasy ikanunuliwa na Concord mwaka 2004. Craft Recordings ni tawi hilohilo la Concord. Kampuni ya Ace ya Uingereza nayo ilitoa rekodi hizi kwa kibali, na mimi nawaamini kwa sababu huandika tarehe na majina ya wapigaji. Mwaka uliopo karibu na hiyo herufi usiutegemee sana, mara nyingi ni mwaka wa kutolewa upya tu. Maneno "re-recorded" ukiyaona, weka chini. Tatizo ni kwamba wengi hawayaandiki.

Jihadhari pia na majina ya albamu. Vee-Jay walikuwa na "Little Richard's Greatest Hits", marudio ya studio. Okeh nao wakatoa 1967 albamu ya jina karibu hilohilo, ya jukwaani. Mtu akikwambia ana "Greatest Hits ya Little Richard", bado hajakwambia kitu.

Halafu kuna matoleo ya Ulaya, santuri nzito za rangirangi na CD za albamu mbili kwa moja. Ulaya rekodi zilikuwa zinalindwa miaka 50. Sheria ilipoongeza hadi 70, nyongeza haikuzirudia zile ambazo muda wake ulikwisha. Kwa hiyo rekodi zilizotoka kabla ya 1963 ziko wazi kule, yeyote anaweza kuzichapa. Marekani bado zinalindwa: zilizotoka 1957 na kuendelea mpaka 15 Februari 1972 zina ulinzi mpaka Februari 2067. Shemeji yangu aliyeko Muscat aliniletea moja ya hizo za Ulaya, kava zuri, nyimbo ni zenyewe za 1955, nikamshukuru. Nilipozipima zilikuwa zimebanwa sauti mpaka dramu za Earl Palmer zimekuwa bapa. Hakuna mahali palipoandikwa zimetolewa kwenye kanda ipi.

Ninachokushauri ununue

Kama unataka kimoja tu, tafuta "The Georgia Peach", CD ya Specialty ya 1991, nyimbo 25, mono, bila mbwembwe. Ndiyo ninayoitumia hewani.

Ukitaka albamu kama ilivyokuwa, "Here's Little Richard" ya 1957, nyimbo 12. Ilitolewa upya 2012 na tena 2017, hii ya pili ikiwa na CD ya ziada ya majaribio ya studio. Ujue tu kwamba "Lucille", "Keep A-Knockin'" na "Good Golly, Miss Molly" hazikuwemo kwenye albamu hiyo. Zimo kwenye ya pili, ya 1958, inayoitwa "Little Richard" tu. Ile ya tatu, "The Fabulous Little Richard", ilikusanywa yeye akiwa ameshaondoka, na baadhi ya nyimbo ziliongezewa sauti za wanawake juu yake. Mimi siipendi.

"The Specialty Sessions", boksi la CD 6 la Ace la 1989, ni la mtu asiyechoka: wimbo mmoja unausikia ukijaribiwa tena na tena. "Directly from My Heart" ya 2015, CD 3, inaweka Specialty na Vee-Jay pamoja, na ni njia nzuri ya kufundisha sikio tofauti. Vee-Jay yenyewe usiidharau. "I Don't Know What You've Got" ya 1965 ni soul ya kumtoa mtu machozi, na gitaa humo hutajwa kuwa ni la Jimi Hendrix. Na "The Rill Thing" ya 1970, aliyoirekodi Muscle Shoals, Alabama, ni kazi mpya kabisa ya mtu mzima.

Kwa wenye mashine ya santuri: toleo jipya la mono lipigie sindano yako ya kawaida. Santuri halisi ya miaka ya 1950 ina mfereji mpana, inataka sindano ya mono ya mikroni 25 hivi. Ya stirio ni kama 18 na inazama chini kwenye uchafu. Kama amplifaya ina kitufe cha mono, kibonyeze, nusu ya mikwaruzo itapotea. Na kwa joto letu la pwani usiziache kwenye gari hata kwa dakika za kushuka sokoni.

Ukishapata unayoiamini, badilisha jina la faili siku hiyohiyo: mwaka, kampuni, mono au stirio, ndipo jina la wimbo. Yangu imeandikwa "1955 Specialty mono Tutti Frutti". Ile ya Vee-Jay nimeihifadhi pia, kwenye folda nyingine.