Fundo la kushika kamba ukipanda mti: uchague lipi na ulirekebisheje

Wadau, wengi wetu tunaopogoa miti huku Dar tulianza kwa kukwea mikono mitupu na panga kiunoni, kamba zimekuja baadae. Na ukishaingia kwenye kamba, kinachokushikilia kule juu ni lile fundo dogo linaloizunguka kamba kuu, ukilisukuma linapanda, ukikaa linang'ata. Shida ninayoiona ni mtu kajifunza fundo moja kwenye video basi analifunga vilevile siku zote, kamba yoyote, mvua au jua. Fundo linategemea uzito wako, unene na ugumu wa kamba, na hali ya siku ile, kwa hiyo kila ukifunga unapima upya.

Anza na kamba yenyewe. Ile manila ya dukani achana nayo kabisa, nyingi ni plastiki ya polipropilini ambayo inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na fundo likiteleza linatoa moto kweli. Tafuta kamba ya kupandia miti, milimita 11.5 mpaka 13, na ya fundo iwe nyembamba kidogo, 8 mpaka 10, laini ya kukunjika. Kamba ya fundo ikiwa nene sana haibani, ikiwa nyembamba sana inabana mpaka huwezi kuifungua.

Ninachoongelea hapa ni kamba inayopita juu ya tawi na kurudi kwako, pande mbili, ambapo fundo linabeba kama nusu ya uzito wako. Ukipanda kwa kamba moja iliyofungwa juu, fundo linakubeba wewe mzima, hapo usishuke na fundo tupu, unahitaji kifaa cha juu ya fundo kinachogawana nalo msuguano.

Sasa mafundo. Prusik ni ya zamani, Karl Prusik wa Austria aliitangaza 1931, inashika ukiivuta juu au chini na ni ya kuaminika ila ukishaikalia kuilegeza ni kazi, mimi naiweka kwenye kamba fupi ya pembeni tu. Distel na VT (Valdôtain Tresse), mafundo mengine ya kazi hiihii, zinalegea vizuri kwa mkono na zinapenda puli ndogo chini yake, raha sana ukishazizoea, lakini VT ikipangwa vibaya inaweza isishike kabisa, kwa hiyo si ya kuanzia. Ya kuanzia ni Blake, Jason Blake wa Marekani aliitangaza kwa wapanda miti 1994, na uzuri wake unaweza kuifunga kwa mkia wa kamba hiyohiyo unayopandia, hata kama unene ni uleule.

Unaifunga hivi. Zungusha mkia kwenye kamba kuu mara 4 kwenda juu, na ile mizunguko miwili ya chini iweke kidole gumba ndani isibane. Ukimaliza wa nne shusha ncha, ipite mbele ya upande unaotoka kiunoni kwako, izunguke nyuma ya kamba kuu, halafu ipandishe pale kidole kilipo itokee kati ya mzunguko wa pili na wa tatu. Toa kidole, vuta ncha, panga mizunguko ilale bega kwa bega bila hata mmoja kupanda juu ya mwenzake. Huo upande wa kiunoni usiuruke, ukiuruka fundo kwa macho ni lilelile ila linaweza kufumuka. Mwisho funga fundo lenye umbo la namba 8 kwenye ncha.

Kabla ya kupanda kaa chini hapohapo, miguu ikiwa inagusa ardhi. Achia uzito taratibu, halafu rukaruka. Likiteleza usikimbilie kuongeza mzunguko, kwanza angalia kama mizunguko imekaa sawa, kamba mpya huwa inateleza sana, ndo uongeze mmoja upande wa juu uwe 5. Likigoma kushuka, kwa Distel au VT punguza mzunguko mmoja, Blake usiende chini ya 4, badala yake tafuta kamba ya fundo nene kidogo. Kipande kati ya fundo na karabina, ile pete ya kiunoni ya kufunga na kufungua, kiwe kifupi, fundo lisiwahi kufika mahali mkono wako haufiki. Mvua ikinyesha, au ukishika utomvu wa mwembe, tabia inabadilika, shuka ujaribu tena, usibahatishe. Na ukiwasha chenso uwe umejifunga sehemu mbili.

Kushuka ni polepole, na hapa naongea kwa uchungu. Niliwahi kushuka mvinje kwa kasi maana mvua ilikuwa inakuja, fundo likashika vizuri tu nikajisahau. Kesho yake kwenye mwembe, nimekaa mita moja kutoka chini nikijaribu, fundo likashuka nalo nusu mita ndo likashika. Kuangalia, ule mzunguko wa juu ulikuwa unang'aa kama plastiki, ukipitisha kucha ni mgumu, unateleza kama kioo, nyuzi zimeyeyuka zikashikana. Ukiona hivyo hakuna kurekebisha. Mimi ile kamba niliikata vipande vifupi palepale, mwenzangu asije akaiokota akapandia.