Namna ya Kuandika Urithi wa Kanisa la Wahamiaji, kwa Kuwatazama Wadenmaki wa Marekani

Katika makanisa ya Kiswahili yaliyoanzishwa na ndugu zetu waliotoka Kongo, iwe kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali au hapa Kampala, sasa wamo vijana waliozaliwa Uganda ambao huwasikiliza wazazi wao kwa Kiswahili na kuwajibu kwa Kiganda au Kiingereza. Wazee walioongoza ibada ya kwanza chini ya turubai wamechoka, na baadhi yao tumekwisha kuwazika. Katibu wa kanisa, mwalimu wa kwaya au kijana yeyote aliyeombwa kuandika habari za kanisa lake anahitaji kujua aanzie wapi, nami namshauri awatazame kwanza Wadenmaki wa Marekani, ambao waliipita njia hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita na kuacha nyayo zinazoonekana.

Kati ya miaka ya 1850 na 1930 Wadenmaki wapatao 300,000 walihamia Marekani, wengi wakitafuta ardhi ya kulima katika majimbo kama Iowa, Nebraska, Minnesota na Wisconsin. Walikuwa wachache kuliko Wajerumani au Waswidi, wakatawanyika, wakaoana na majirani na kujifunza Kiingereza upesi. Kanisa la Kilutheri ndilo lililowakusanya, kisha kanisa hilohilo likagawanyika kwa sababu ya swali ambalo wewe nawe uliandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako: waasisi walitaka kuokoa imani, au lugha na desturi, au waliona kwamba vitu hivyo haviachani?

Upande mmoja walisimama wafuasi wa N.F.S. Grundtvig, mchungaji na mtunzi wa nyimbo aliyeishi Denmaki kuanzia 1783 hadi 1872, aliyefundisha kwamba Mungu humwita mtu akiwa mtu kamili, mwenye taifa, nyimbo na lugha ya mama yake. Upande wa pili walisimama watu wa uamsho, waliojulikana kama Misheni ya Ndani, ambao walihubiri toba na maisha matakatifu na kuogopa kwamba ngoma za kijijini na fahari ya utaifa zingechukua nafasi ya wokovu. Watu waliwapachika majina, wafuasi wa Grundtvig wakaitwa Wadenmaki wenye furaha na watu wa uamsho Wadenmaki watakatifu. Kanisa lililoundwa mwaka 1872 lilipasuka mwaka 1894, na kufikia 1896 watu wa uamsho walikuwa na kanisa lao lililounganishwa, lenye chuo katika mji wa Blair, Nebraska, huku wafuasi wa Grundtvig wakifungua chuo cha Grand View mjini Des Moines, Iowa, mwaka huohuo.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu waandishi wengi wa historia za makanisa huficha ugomvi, wakidhani kwamba wanalinda heshima, ilhali ugomvi ndio unaoonyesha watu walipenda nini kiasi cha kukubali kutengana kwa uchungu kwa ajili yake. Unapoketi na mzee, muulize kwa adabu na kwa utulivu: “Mzee, ibada ya kwanza mliisali kwa lugha gani, na nani aliamua? Mlipoanza kuimba kwa Kiganda, nani alikataa, na alisema nini?” Halafu uende kwa mama aliyekuwa upande wa pili, umuulize maswali yaleyale, na uandike majibu yote mawili bila kuamua nani alishinda. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu, na usimharakishe mtu anapofika kwenye habari za vita na safari. Kama hataki kuzisema, ziache.

Nyimbo zisisubiri. Tarehe 23 Mei 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, gavana wa Iowa aitwaye William Harding alitoa tangazo kwamba Kiingereza pekee kitumike shuleni, hadharani, kwenye simu na katika ibada, na kwamba wasiokielewa waabudu majumbani mwao. Wazee wa Kidenmaki waliokuwa wamesali kwa lugha yao maisha yote walijikuta hawana mahubiri ya kusikiliza kanisani. Kwetu Uganda hakuna anayetukataza Kiswahili, lakini lugha hupotea pia bila katazo lolote, mtoto mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1927 makanisa yale mawili ya Wadenmaki, ingawa yalikuwa bado yametengana, yalitoa pamoja kitabu kimoja cha nyimbo kwa Kiingereza, ili wajukuu waziimbe nyimbo za babu zao kwa lugha waliyoielewa. Nasi tufanye hivyo wakati bado wapo watu wanaozijua lugha zote mbili vizuri: mwalimu wa kwaya aimbe, kijana aandike beti za Kiswahili upande mmoja wa karatasi na tafsiri upande wa pili, na mzee asikilize kama maana imebaki.

Kwa ajili ya vijana, Wadenmaki walikuwa na shule za wananchi, wazo la Grundtvig, ambazo hazikuwa na mitihani na ambazo zilifundisha historia, nyimbo na mazungumzo. Ya kwanza Marekani ilifunguliwa Elk Horn, Iowa, mwaka 1878, na kwa kawaida vijana wa kiume walisoma majira ya baridi, kazi za shamba zilipopungua. Sisi tunayo likizo ya Desemba na Januari. Wiki mbili zinatosha kwa kuanzia, mradi wazee wawe ndio walimu.

Chakula nacho kiandikwe, maana hudumu kuliko lugha. Katika mji wa Solvang, California, ulioanzishwa na Wadenmaki mwaka 1911, na kule Elk Horn, ambako kinu cha upepo kilichojengwa Denmaki mwaka 1848 kililetwa vipande vipande na kusimamishwa tena mwaka 1976, wageni wengi huonja kwanza æbleskiver, mikate midogo ya mviringo inayopikwa kwenye kikaango chenye vishimo, kama kile cha vitumbua vyetu. Hata hivyo pishi lisiloambatana na habari hubaki biashara tu, kwa hiyo unapoandika jinsi sombe, yaani majani ya muhogo, inavyotwangwa na kupikwa, andika pia nani aliipika siku ya Krismasi ya kwanza ukimbizini.

Mwisho liko daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Wadenmaki wengi waliitwa Jens Hansen au Hans Jensen, na bila jina la kijiji mtafutaji hawezi kumtambua babu yake. Kwa hiyo andika jina kama mama wa mtoto anavyolitamka, kisha jinsi lilivyoandikwa kwenye kadi ya ukimbizi, kisha kijiji na mkoa wa Kongo. Makanisa yale mawili yalimezwa na makanisa makubwa zaidi ya Kilutheri mwaka 1960 na 1962, na wajukuu wao leo hufuatilia ukoo wao hadi kwenye vitabu vya parokia za Denmaki, ambavyo tangu takriban mwaka 1814 viliandikwa nakala mbili, kwa sharti kwamba zisilale usiku chini ya paa moja. Kanisani kwetu hatukulijua sharti hilo. Daftari letu la kwanza lililowa mvua ilipopenya paa la mabati, na majina ya waliobatizwa kwa miaka minne yakafutika, nami naumia kila ninapolifungua. Sasa daftari jipya linakaa kwa mchungaji, na kila Jumapili jioni mama mmoja wa kanisa hunakili majina ya siku hiyo kwenye daftari la pili, akalibeba kwenda nalo nyumbani kwake.